Risasi ya Mchezo na Tusi la Kweli

Karatasi hii ni juu ya swala moja ambalo wengi wetu tumelidharau kwa kuwa twaliona ni jambo la watoto. Swala lenyewe ni hili: mtu acheza mchezo wa kuuana kwa bunduki katika simu, pamoja na watu asiowaona wala kuwajua, akawatukana nao wakamtukana. Je, tusi lile ni tusi, au nalo ni mchezo kama ilivyo ile risasi?

Swala hili sikulitafuta, lilinijia safarini. Nilikuwa Sibwesa, katika nchi ya Mpanda, mkoa wa Katavi, nangojea gari la mizigo ambalo njia yake ilikuwa imeharibiwa na mvua. Mtu wa pwani akikaa siku tatu mbali na bahari huona amekaa mwaka, basi nikawa nashinda katika banda moja ambapo watu huchaji simu zao kwa umeme wa jua. Hapo palikuwa na kijana wa miaka kama 17 hivi. Aliponiona tu aliinuka akanipa kiti chake, akaniambia, "Shikamoo mzee," na ulipofika wakati wa sala akaniletea maji ya kutawadha bila ya kuombwa, na hali yeye si wa dini yetu. Nikasema moyoni kwamba huyu amelelewa. Hata alipoishika simu yake akaanza kucheza, haukupita muda nikamsikia akimtaja mama wa mtu kwa neno ambalo siwezi kulipiga chapa hapa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huyo umtukanaye ni nani?"

Akaona haya, akainamisha kichwa. "Simjui, mzee. Ni mchezo tu."

Huenda msomaji wangu hajapata kuutazama mchezo huu ila kwa mbali, begani kwa mwanawe. Ule uitwao PUBG ulitoka mwaka 2017, ukaingia katika simu mwaka 2018. Watu 100 huteremshwa kwa miavuli juu ya kisiwa, kila mmoja mikono mitupu, wakaokota silaha majumbani na vichakani, na mahali pa salama pakawa padogo kila dakika mpaka wakutane kwa lazima. Atakayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Mwingine, Free Fire, ni wa watu 50, hwisha kwa dakika kama 10, na hukubali hata katika simu ya bei ndogo, na kwa sababu hiyo umeenea sana kwa vijana wasio na fedha. Katika yote miwili mtu aweza kwenda pamoja na wenziwe watatu, na asiye na wenziwe, mchezo wenyewe humchagulia watu wa popote walipo. Husemezana kwa mdomo huku wakicheza. Na kila mmoja ana cheo: shaba, fedha, dhahabu, almasi, na zaidi ya hapo. Akishinda hupanda, akishindwa hushuka. Shikeni neno hili la cheo, kwani hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno mengi mabaya. Mwenzio akikosea, cheo chako wewe chaweza kushuka pamoja na chake.

Wazee wa pwani wasistaajabu sana, wakadhani jambo hili limeletwa na simu. Babu zetu walikuwa na ngoma ya beni, na beni ilikuwa nini ila jeshi la kuigiza? Walivaa sare, wakapeana vyeo vya kiaskari, wakaandamana kwa tarumbeta. Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti, Mombasa Kingi na Skochi, na Lamu mtaa wa Langoni ukashindana na Mkomani. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 ngoma ile ilikwisha fika Ujiji na Kongo. Watu walishindana kwa kuchinja na kulisha hata wengine wakaingia katika madeni, na nyimbo za kukashifiana zikatungwa kila upande. Siwasifu kwa hayo. Walakini aliyetunga wimbo wa kumkashifu mwenziwe alijulikana kwa jina lake na jina la babake, na nyumba yake ilijulikana, na asubuhi yake alikutana na aliyemkashifu sokoni au msikitini, akapasiwa kumtazama usoni.

Na sisi wa leo tusijitoe. Asiyeamini na aende barazani siku ya Simba na Yanga, asikilize watu wenye mvi.

Turudi Sibwesa. Siku ya pili nilikaa karibu na yule kijana nikatazama vizuri. Alikuwa akicheza na watu watatu asiowajua. Kwa lafudhi zao, wawili nilidhani ni wa Dar es Salaam au wa pwani yetu. Mtandao wa pale ulikuwa dhaifu. Katikati ya mapigano picha ilisimama, mtu wake akasimama kama mlingoti, na ulipokuja mtandao akakuta amekwisha uawa. Kosa halikuwa lake. Lakini wale wenziwe hawakuona mnara wa simu. Waliona mtu aliyesimama tu, mjinga, aliyewapunguzia cheo. Wakaanza. Walimwita mzigo, wakamwita mshamba, wakaingia kwa wazazi wake. Mmoja alikuwa na sauti ya mtoto ambaye hajabalehe. Kijana hakuwajibu neno. Akatoka, akaingia mchezo mwingine na watu wengine, na mara hii mmoja wao alikuwa mzito wa mikono, hajui kucheza, pengine ndiyo siku yake ya kwanza. Basi kijana wangu akamtolea yote aliyotolewa, neno kwa neno, kama mtu apitishaye barua.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu aliyetukanwa ana haki yake ya kujibu kwa kadiri ya alivyotendewa, na kusamehe ni bora. Hayo wanavyuoni wameyaeleza. Lakini huyu hakumjibu aliyemtukana. Alimtukana wa tatu. Ni kama mtu aliyeibiwa Tabora, naye akashuka Kigoma akaiba kwa mtu mwingine, kisha akasema, "Nami niliibiwa."

Mtu atasema: Shekhe, unakaza mno. Hayo ni utani, na utani ni mila yetu. Nami naujua utani. Mzigua na Mnyamwezi wana utani, na mtu humwambia mtani wake maneno ambayo angeyasema mwingine pangemwagika damu. Lakini tazama utani umefungwa kwa kamba gani. Mtani wako ndiye ajaye siku ya msiba wako, akafanya kazi ya maziko, akawachekesha waliofiwa wapate kula. Ana ruhusa ya kukutania kwa kuwa ana wajibu wa kukuzika. Yule aliyemwita kijana wa Sibwesa mshamba, akifa kijana huyo leo, atajua? Atatoa hata rambirambi? Tusi lisilo na wajibu nyuma yake haliwezi kuitwa utani.

Na mwingine atasema: Lakini mchezo wote ni uwongo, mbona wauchukulia neno moja? Jawabu ni kwamba si wote uwongo. Kisiwa ni cha uwongo, bunduki ni ya uwongo, damu ni rangi, na aliyekufa atafufuka baada ya dakika mbili kwa kubonyeza kidole. Sina ugomvi na hayo. Walakini sauti iliyotoka kinywani mwa mtu mmoja ikaingia sikioni mwa mtu mwingine ni sauti ya kweli, na moyo uliochomeka ni moyo wa kweli. Vivyo hivyo na ahadi: uliyekubali kucheza naye ukamwacha katikati kwa kuwa umeona mnashindwa, umemwacha mtu, hukuacha picha. Na wako wanaonunua programu za kuwalengea shabaha zenyewe, au za kuwaonyesha adui nyuma ya ukuta, kisha wakapanda cheo. Huyu amewaibia wenziwe wakati wao na bando lao. Yule kijana alinunua bando kwa ujira wa kupakia magunia; mimi nilimwona akipakia.

Kushindana kwenyewe hakukukatazwa. Bwana Mtume aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema yu pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakazuia mikono, wakasema watatupaje naye yu pamoja na wale? Akawaambia watupe, yeye yu pamoja nao wote. Na ngamia wake Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa, alipopitwa na ngamia wa bedui mmoja, Waislamu wakaona uchungu. Yeye akawafahamisha kwamba hakuna kinachoinuka katika dunia hii ila Mungu hukishusha. Hakumkaripia bedui, wala ngamia hakupigwa. Sijui ni wangapi katika sisi tungeweza kushindwa hivyo mbele ya watu wetu.

Wako waliotaka kuukata mti wote. Bunge la Iraki lilipiga marufuku michezo ya namna hii mwezi wa Aprili 2019, na Jordan ikaufunga PUBG mwaka huo huo. Azhar ya Misri ilitoa onyo, na tena mwezi wa Juni 2020, ulipotiwa katika mchezo huo masanamu ambayo mchezaji huyasujudia apate nguvu. Wenye mchezo wakayaondoa upesi, wakaomba radhi. Kuhusu masanamu Azhar walifanya lililowapasa. Lakini angalieni: masanamu yaliondoka, na matusi yakabaki. Wenye mchezo wameweka njia ya kumshtaki mwenye kutukana, naye huweza kufungiwa; walakini aliyefungiwa hufungua akaunti nyingine kwa jina jingine kabla ya chai kupoa. Na ukiufunga mchezo mmoja, ulimi huhamia katika mwingine. Ama khabari ya kupoteza wakati na kuchelewesha sala, imesemwa kwingi nami sitairudia.

Nataka kusema lile ambalo sijalisikia likisemwa. Vijana wetu hudhani ya kuwa kutojuana kwapunguza kosa: "Simjui, wala hanijui, basi imekwisha." Mimi naona kinyume. Sura ya Hujurati, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na mwenye kukosa katika haki ya mja hasafiki kwa toba peke yake. Yampasa amwendee aliyemkosea, amtake radhi. Ninyi wafanya biashara mwaijua khabari ya muflisi aliyoieleza Mtume: mtu ajaye Siku ya Kiama na sala na saumu na zaka zake, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule, nao wakagawiwa mema yake mpaka yakamalizika. Sasa, uliyemtukana jirani yako, waweza kugonga mlango wake usiku huu. Uliyemtukana katika beni, babu yako alijua nyumba yake. Lakini uliyemtukana katika mchezo wa simu jana saa nne ya usiku, aliyejiita kwa jina la chui au la bunduki, utamtafuta wapi? Jina lake limekwisha potea katika kioo. Huenda yuko Kongo, huenda yuko Maskati, huenda ni mtoto wa miaka 12. Umekopa kwa mtu usiyejua anakaa wapi, na kila usiku unakopa tena kwa wengine. Deni la namna hiyo si jepesi kwa kuwa mdai hajulikani. Ni zito kwa sababu hiyo hiyo, maana hata ukitaka kulilipa huna njia.

Nilimweleza kijana wa Sibwesa habari hii kwa maneno mepesi, bila ya kutaja dini yangu sana. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na wale walionitukana mimi, mzee, watanipata wapi?" Sikuwa na jawabu. Jioni ile gari likaja.

Nilipofika kwetu, usiku wa pili nikamsikia mpwa wangu ukumbini, spika zimo masikioni, akifoka. Maneno ni yale yale. Nikakaa karibu naye mpaka akaniona.

"Shikamoo mjomba," akasema, akatoa spika moja.

"Marahaba. Amekufanya nini huyo?"

"Anasimama tu, mjomba. Anatuharibia cheo. Kila tukianza kupigana yeye anasimama kama mti."

"Ni wa wapi?"

Akatazama kioo. "Sijui. Wa bara huko."

"Jina lake?"

"Hana jina, mjomba, ni namba tu."

Nikamweleza juu ya mnara wa Sibwesa, na juu ya magunia. Alinisikiliza huku mtu wake akipigwa risasi mkononi mwake, naye hakumtazama. Kisha akaileta simu karibu na mdomo, akasema, "Kaka, mtandao wa kwenu unakata?" Tukangoja wote wawili. Picha ya yule mtu ilikuwa imesimama vile vile, wala hatukusikia sauti.