Milango Kumi na Mmoja, Nyumba Moja

Somo: 1 Wafalme 14:1-6, Hesabu 23, Yohana 10:7-10

Ujumbe wa leo ulianza na swali nililoulizwa kwa simu, na nikiri mapema kwamba mara ya kwanza nililijibu vibaya.

Dada yetu mmoja, ambaye wengi wenu mlikuwepo tukimwekea mikono hapa madhabahuni akienda Uingereza kuhudumia wazee, alinipigia usiku mmoja. Ameniruhusu nisimulie, bila jina. Kazi yake ilikuwa ya zamu za usiku. Mchana usingizi hauji, baridi haiishi, mtoto amebaki huku na nyanya yake. Mwenzake kazini akamwonyesha bingo ya kwenye simu.

Kule bingo haichezwi kwa kujificha. Wengi huiona kama mchezo wa akina mama na wazee, wa kupigia gumzo. Unanunua tiketi yenye nambari 15, mashine inatoa nambari kati ya 1 na 90, na anayekamilisha kwanza anashinda. Tiketi inaweza kuwa peni chache tu. Lakini kwenye ukurasa huohuo, kando ya chumba cha bingo, kuna mlango wa kasino: mashine za sloti, ruleti, na vinginevyo. Unaingia kwa peni chache za bingo, unatokea upande wa pili umeacha mshahara.

Swali lake lilikuwa hili: "Pasta, wewe ulisoma biashara. Nimeandika tovuti kumi na moja kwenye daftari. Hebu niambie ipi ni afadhali."

Na mimi nikamjibu! Nilikaa na kompyuta jioni nzima nikatengeneza jedwali. Bonasi ni ngapi. Masharti ni gani. Ukishinda unalipwa baada ya siku ngapi. Kiwango cha chini cha kuweka ni pauni ngapi. Nikampangia ya kwanza mpaka ya kumi na moja, nikamtumia. Nilijiambia, huyu ni mtu mzima, ni burudani tu, heri achezee pazuri kuliko pabaya. Wapendwa, usiku ule nilimjibu kama mshauri wa biashara. Sikumjibu kama mchungaji.

Miezi minne baadaye alipiga tena, akilia. Shilingi 280,000 alizokuwa ameweka kando kumalizia ploti ya mamake zilikuwa zimekwisha. Karo ya muhula wa pili pia. "Pasta," akasema, "nimezunguka zote kumi na moja. Kila nikihama, ni kama nimerudi palepale."

1. Nguo mpya, nyayo zilezile

Nikafungua lile jedwali, nikafanya kile nilichopaswa kufanya kwanza. Nikashuka mpaka chini kabisa ya kila ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Hapo huandikwa jina la kampuni na nambari ya leseni. Katika tovuti kumi na moja, nane zilikuwa na kampuni moja na nambari moja ya leseni. Moja ilikuwa ya waridi na picha za maua. Nyingine ya bluu na samaki. Nyingine na sungura anayecheka. Chini, jina ni lile lile.

Hawajavunja sheria. Tume ya kamari ya Uingereza ina daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, na humo utakuta leseni moja ina majina mengi ya tovuti chini yake. Wenyewe huziita tovuti dada. Na hata zile tatu zilizobaki, zenye wenye wengine, nyingi ya michezo yake ilitoka kwa watengenezaji walewale. Kuna mitandao ya bingo ambamo tovuti nyingi hukodi vyumba vya pamoja, kwa hivyo unahama tovuti, unaingia kwenye chumba, na unakuta umeketi na wachezaji walewale ukisubiri nambari ileile.

Msiseme hayo ni ya Uingereza. Kijana, hebu angalia kile kindege kwenye simu yako. Aviator ilitengenezwa na kampuni moja, Spribe, na leo iko kwenye tovuti nyingi za kubeti hapa Kenya. Rangi ni tofauti, nambari ya kulipia ni tofauti, lakini kindege ni kilekile.

Kwa nini mwenye duka moja aweke vibao vinane? Darasani tulifundishwa kwamba kumpata mteja mpya ni gharama kubwa, kwa hivyo usikubali aliyepatikana aende. Akikasirikia kibao kimoja, awe na kingine cha kukimbilia. Wanajua utachoka. Wamepanga kwamba ukichoka uhamie kwa dada yake, usirudi nyumbani.

Sasa soma 1 Wafalme 14. Mfalme Yeroboamu ana mtoto mgonjwa. Anamwambia mkewe ajibadilishe asijulikane, aende Shilo kwa nabii Ahiya. Nabii ni mzee, macho yamepoteza nuru. Ungesema kujibadilisha kwa nini, na huyu haoni? Lakini Mungu alikuwa amemwambia ni nani anakuja. Mama yule alipofika mlangoni, Ahiya alisikia tu mshindo wa miguu yake, akamwita kwa jina la mumewe na kumuuliza mbona anajifanya mtu mwingine.

Kipofu alitambua nyayo. Mimi nina macho mawili na digrii, nikaangalia nguo! Nikalinganisha waridi na bluu. Mwambie jirani yako: sikiliza nyayo.

2. Asali ya mlangoni

Angalia tena yule mama alibeba nini. Mikate kumi, vikate vitamu, na chombo cha asali. Anayekuja amejificha mara nyingi haji mikono mitupu.

Asali ya siku hizi inaitwa bonasi. Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Tuseme tovuti inakupa bonasi ya pauni 20, na sharti ni uizungushe mara 40 kabla ya kutoa chochote. Ishirini mara arobaini ni 800. Lazima ubeti pauni 800. Sasa, mashine ya sloti inayorudisha 95 kwa kila 100 inabaki na 5. Katika 800, inabaki na 40. Kwa wastani, zawadi ya 20 imekugharimu 40, na hizo za juu zimetoka mfukoni mwako.

Serikali ya kule imeliona jambo hili. Tangu 19 Januari 2026, masharti ya kuzungusha bonasi hayaruhusiwi kuzidi mara 10. Hilo ni jema na linapunguza makali. Lakini hakuna sheria inayoweza kubadilisha sababu ya asali kuletwa. Ililetwa ili ufungue mlango.

3. Kuhama kilima

Fungua Hesabu 23. Mfalme Balaki anataka Balaamu awalaani Israeli. Wanapanda mahali pa kwanza, wanajenga madhabahu saba, na juu ya kila moja fahali na kondoo dume. Laana haitoki, inatoka baraka. Balaki hasemi, basi, Mungu amesema, twende nyumbani. Anasema, hebu twende mahali pengine. Madhabahu saba tena. Baraka tena. Twende pengine tena! Mara tatu, madhabahu 21, fahali 21, kondoo dume 21, na neno la Mungu halikusogea hata kidogo.

Shida ya Balaki haikuwa kilima. Lakini kila alipohama, alilipa upya.

Ndivyo alivyokuwa dada yetu. Hii imenikalia vibaya, nihamie ile. Kila mahali madhabahu mpya, kila mahali fahali mpya. Na hesabu haikuhama, kwa sababu hesabu iko ndani ya mchezo, si kwenye rangi ya tovuti.

Mtu ataniambia, "Lakini Pasta, kindege kinarudisha asilimia 97, hiyo ni nzuri." Sawa, chukua hiyo 97. Ukiweka shilingi 1,000 mara moja, kwa wastani zinarudi 970. Lakini nani hucheza mara moja? Unaziweka tena. Chukua kikokotoo cha simu, zidisha 1,000 kwa 0.97 mara ishirini. Unabaki na kama 544. Endelea mpaka mara hamsini: kama 218. Na raundi moja ni muda mfupi tu, hata matatu haijajaa umeshamaliza kumi. Ukipata mashine ya 95, baada ya mara hamsini unabaki na kama 77. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa natafutia jedwali! Nilikuwa namchagulia dada yetu matatu ya kumshusha mteremko uleule, moja ikienda mbio, nyingine polepole.

Ndiyo, kuna wanaoshinda. Huo ni wastani, si hatima ya kila mmoja. Lakini pesa za anayeshinda zimetoka kwa mwingine aliye macho saa nane usiku akitazama simu, na mwenye nyumba amechukua sehemu yake kwanza. Isaya 65:11 inazungumza na watu wa Mungu waliomwacha Bwana wakawa wanaiandalia Bahati meza. Kumbuka hao walikuwa watu wa Mungu. Hata hapa kwetu kuna wanaotaka tuuombee mkeka, na wako tayari kuutolea fungu la kumi. Tafadhali, huo mkeka usiulete madhabahuni.

4. Mlango mmoja

Katika Yohana 10 Yesu anaongea juu ya mwizi anayekuja kuiba, kuua na kuharibu. Halafu anasema yeye mwenyewe ndiye mlango wa kondoo. Yeye hana milango dada. Mwizi anahitaji milango mingi, kwa sababu kila anayemjua kwa mlango huu lazima akutane naye kwa mwingine kama mgeni. Mchungaji hana haja ya kujibadilisha. Kondoo wanaijua sauti yake.

Dada yetu alifanya nini? Kwanza, hakutubu mbele za Mungu peke yake usiku akaacha hapo. Alimwambia mamake, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuniambia mimi. Pili, alifunga milango yote kwa siku moja. Uingereza kuna mpango wa bure unaoitwa GAMSTOP. Ukijiandikisha, kampuni zote zenye leseni ya kule ya kamari ya mtandaoni zinapaswa kukuzuia, kwa miezi sita, mwaka mmoja, au miaka mitano. Alichagua mitano. Awali alikuwa akifunga akaunti moja moja, na wiki hiyo hiyo mwaliko unakuja kutoka kwingine. Tatu, aliomba benki yake izuie malipo ya kamari. Sasa mshahara ukiingia, karo inatoka siku hiyo hiyo.

Ploti ilienda kwa mtu mwingine. Sitawadanganya kwamba ilirudi kwa muujiza. Mtoto alikaa nyumbani wiki tatu kabla ya ushirika wao kuchanga. Lakini dada yetu yuko hai, anafanya kazi, na Jumapili hupiga simu baada ya ibada ya pili. Mimi nilimwomba msamaha kwa lile jedwali. Akacheka kidogo, akasema, "Pasta, lilikuwa limepangwa vizuri sana."

Wewe uliye hapa na una tovuti tatu kwenye simu, usiniulize ipi ni afadhali. Futa zote leo, omba akaunti zifungwe, kisha umwonyeshe mtu unayemwamini taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu. Si lazima awe mimi. Mke wako, mume wako, kiongozi wa ushirika wako. Kama ni deni, tutaongea juu ya deni. Hatutakufukuza. Na wewe utakayeonyeshwa, usipige kelele, na usiitangaze kwenye kikundi cha WhatsApp kama ombi la maombi.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani umelihamisha kutoka kilima hadi kilima ukitumaini Mungu atabadilisha jibu?
2. Mtu akikuuliza swali lisilo sahihi, utamsaidiaje bila kumjibu alivyouliza, na bila kumdharau?
3. Katika ushirika wetu, je, mtu anaweza kutaja deni la kamari na bado akaalikwa chai?

Tuombe

Bwana Yesu, mlango wetu, tupe masikio ya Ahiya. Tusidanganywe na nguo wala asali. Walio macho usiku wa leo na simu mkononi, hapa nyumbani na ng'ambo, wasikie sauti yako na warudi. Na sisi tunaowachunga, utusamehe pale tulipowapangia milango badala ya kuwashika mkono. Amina.