Kijani kwa Nani?

Kafeini ya kahawa yako na metronidazoli unayopewa ukiwa na amiba ni ndugu wa mbali. Zote ni molekuli zenye pete, na ndani ya pete, kati ya kaboni, kuna mgeni: naitrojeni. Wanakemia huziita hetirosaikliki. Kafeini mbuni hujitengenezea. Metronidazoli lazima mtu aipike kiwandani.

Na upishi huo una uchafu. Mwaka 1992 Roger Sheldon alipiga hesabu: kilo moja ya dawa inaweza kuacha taka kilo 25 hadi zaidi ya 100. Sehemu kubwa ni viyeyushi, vile vimiminika vya kuchanganyia, na vingi huvukiza vikaingia kwenye mapafu ya mfanyakazi.

Basi vikaja vimiminika vya ioni. Hivi ni chumvi tupu iliyo majimaji chini ya nyuzi 100. Paul Walden alieleza moja mwaka 1914, inayoyeyuka kwa nyuzi 12 hivi. Havivukizi kirahisi, na mara nyingi unaweza kupikia pete, ukavisafisha, ukavitumia tena. Kijani kabisa, si ndiyo?

Pole pole. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Vingi vilivyo maarufu vimejengwa kwa imidazoli, ambayo yenyewe ni pete, ileile iliyo moyoni mwa metronidazoli. Kumbe hata mkombozi alipikwa mahali, akaacha taka zake. Vyenye mikia mirefu ya kaboni ni sumu kwa mwani na wadudu wadogo wa majini. Vingine vyenye florini, vikikutana na maji na joto, vinaweza kutoa haidrojeni floraidi, kitu kinachochoma hadi mfupa.

Hapa ndipo kemia inageuka kuwa suala la haki. Mfanyakazi akivuta mvuke, atakohoa, atalalamika, pengine ataenda kortini. Mwani hauna wakili. Tukitoa madhara hewani tukayatia mtoni, tumemhamishia mzigo yule asiye na sauti, kisha tukajipongeza kwa sababu hatusikii harufu.

Sisemi turudi kwa viyeyushi vya zamani. Mapafu ya mtu si kitu cha kuwekea rehani, na kama kimiminika kipya kinayalinda, hiyo ni faida ya kweli. Lakini tuiite kwa jina lake: afadhali. Paul Anastas na John Warner, katika kanuni zao 12 za kemia ya kijani za 1998, walitaka pia kitu kikimaliza kazi kioze bila kudhuru. Kuna wanaojaribu kolini, ambayo iko hata kwenye yai. Hiyo nayo ipimwe vilevile, isipewe sifa kwa sababu ya ukoo.

Kwa hivyo mtu akiniambia kitu ni kijani, mimi huuliza moja tu: kikimwagika, nani atakinywa?