Barabara Yataka Damu?



Krismasi ikikaribia, magari ya kwenda Moshi hupita hapa Mkata mfululizo, na maneno yale yale hurudi: barabara yataka damu, tajiri fulani ametoa watu kafara. Hata wazee wa kanisa husimulia, tena kwa sauti ya chini.

Tarehe 28 Desemba twawakumbuka watoto wa Bethlehemu. Mathayo hasingizii mzimu. Amtaja Herode, mtu aliyeogopa kupoteza kiti chake. Basi nasi tumtaje dereva aliyesinzia, tairi lililokwisha, na abiria tulionyamaza.

Lawama zikimkosa tajiri, humwangukia mjane jirani, aitwe mchawi. Usiku wa mkesha mpitieni nyumbani kwake, mje naye ibadani.