Je, Yafaa Kumsifu Mgonjwa kwa Huruma?

Hapa Kinyangiri kijana mmoja wa usharika alituuliza swali, nasi siku ile tulishindwa kulijibu. Twaliandika hapa, maana twadhani wengi wetu limetuhusu.

Kijana huyu ana umri wa miaka 16. Tangu utoto ana ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa wengine ni za mviringo, kwake hujipinda kama mundu wa kuvunia, zikaziba mishipa midogo. Ndipo mifupa huuma hata asiweze kulala. Yakisiwa kwamba katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja, wala hautoki katika jicho la jirani. Twalisema hili waziwazi, kwa kuwa hata Wakristo wengine bado hunong'ona.

Siku za nafuu kijana hutunga nyimbo za kwaya. Huandika maneno katika daftari kwa kalamu ya risasi, huku akigonga ubao wa kitanda kwa vidole apate kupima mwendo. Katika mwezi wa saba, baada ya maumivu ya siku tisa (baridi ya usiku humdhuru sana), alitupa wimbo wa beti nne. Tuliusoma, tukasema, "Mwanangu, ni mzuri sana, hauna kasoro." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, kama ningekuwa mzima, ungesema hivyo?"

Kweli ubeti wa tatu ulikuwa mbovu. Mizani ilizidi, na neno moja lilitiwa pale kwa ajili ya kina tu. Tuliliona, tukaficha kwa kumhurumia, naye alijua.

Wengi watasema: Hilo si kosa, ni upendo, mgonjwa apewe maneno matamu, siku zake hazijulikani. Lakini siku za nani zajulikana? Amsifuye mtunzi kwa sababu ya maumivu yake hajausoma wimbo, ameyasoma maumivu. Ni kama kumwambia kwa adabu: Wewe si mtunzi, wewe ni mgonjwa. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, bwana yule aliporudi alitaka hesabu hata kwa mtumwa mwenye talanta moja. Zamani tulidhani ni ukali. Sasa twaona kwamba kuulizwa hesabu ni kuhesabiwa miongoni mwa watumwa wa nyumba ile.

Huko Marekani palikuwa na kijana Mattie Stepanek, aliyezaliwa mwaka 1990 na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, akafa mwaka 2004 kabla ya kutimiza miaka 14. Alitunga mashairi tangu utoto, na vitabu vyake vilinunuliwa na watu wengi mno. Wangapi walinunua shairi, na wangapi walinunua huruma yao wenyewe? Hatuwezi kupima mioyo. Ila karibu nasi, huko pwani, yuko Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, na baada ya miaka miwili hivi akafa. Yeye alikuwa mama, si kijana, wala hakuwa wa dini yetu. Na katika aliyousia kuhusu mke na mumewe, mengine twaweza kushindana nayo. Lakini heshima ni hiyo hasa, kwamba twashindana naye. Utenzi wake wasomwa hata leo, wala hakuna auhesabuye vina kwa upole ati kwa kuwa mtunzi alikuwa hawezi.

Hatusemi mgonjwa alemewe. Kijana akiwa katika maumivu, kazi yetu ni maji ya kunywa, blanketi, safari ya hospitali na sala; siku hiyo mwenye kusahihisha beti ni mpumbavu.

Juma lililofuata tulirudi kwake, tukamwomba radhi, tukamwambia kwamba ubeti wa tatu, mstari wa pili, umelegea. Alicheka, akasema mama yake alikwisha kumwambia hayo. Tulipoondoka alikuwa ameufuta mstari, naye alitaka kujua kama sauti ya nne yaweza kushuka pale bila kuwachosha wazee.