Mali bila Daftari

Je, ni haki taifa kuweka kikomo cha idadi ya vijana wanaosomea shahada ya biashara? Swali hili lina uzito wake huko Handeni na Korogwe, ambako wazazi wengi huwasomesha watoto wao kwa fedha ya mahindi au ya kibarua cha mkonge.

Wapo wasemao kwamba ni haki, na hoja yao si dhaifu. Chuo cha umma huendeshwa kwa jasho la wengi. Hivyo walio wengi wana haki ya kuuliza watapata nini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Sharti hilo halipo tena, lakini fikra yake ingali hai: elimu ya juu ni amana ya umma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo kwa miaka mingi imetanguliza masomo kama udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi. Fedha zikiwa haba, hapana budi mgonjwa apatiwe daktari kwanza.

Hata hivyo, tutazame kikomo cha namna hiyo humwangukia nani. Mtoto wa tajiri akikosa mkopo, mzazi wake humlipia, naye husoma biashara ile ile. Mtoto wa mkulima wa Handeni ndiye abakiye nje. Hapo umaskini ndio uliowekewa mpaka, wala si somo.

Tena wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Lakini sheria haitunzi hesabu. Chama cha wakulima huhitaji mtu awezaye kukagua mizani na stakabadhi, kisha akawaeleza wanachama ukweli kwa lugha waielewayo. Nani afaaye kazi hiyo kuliko mwana wao wenyewe?

Basi, mahitaji ya taifa yakidai kikomo, na kiwepo. Lakini nafasi zihesabiwe kwa wote, zigawiwe kwa uwezo wa akili na moyo wa kutumika, na anayestahili asizuiwe na ufukara wa wazazi wake. Mlango ukiwa mwembamba, uwe mwembamba kwa kila mtu.