Mwimbaji, Nyamaza Angani

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 9, mstari wa 33. Mstari huu huwa tunaupita mbio kwa sababu umezungukwa na majina ya wazee na hesabu za koo, lakini umebeba neno zito kwa kila anayevaa joho la kwaya. Waimbaji wa Hekalu walipewa vyumba vyao humo humo nyumbani mwa Bwana, wakaondolewa kazi nyingine zote, kwa kuwa zamu yao ilikuwa ya mchana na usiku. Sura ya 25 inawahesabu: watu 288 waliofundishwa kuimba. Israeli ilijua kwamba sauti ni chombo cha ibada, na chombo cha ibada hulindwa.

Sasa niambieni, wapendwa, sisi tunawafanyia nini waimbaji wetu tunapowapandisha ndege?

Tunawakesheza. Usiku wa kuamkia safari tunafanya mkesha wa kuwaaga, wanaimba hadi majogoo. Asubuhi tunawasindikiza uwanjani kwa mapambio. Ndani ya ndege wanazungumza safari nzima, maana kwa wengi ndiyo mara ya kwanza na furaha haizuiliki. Wakitua, wenyeji wanawapokea kwa nyimbo, nao watanyamazaje wakati ndugu zao wanaimba? Wanaitikia. Jioni ibada. Kisha Jumapili inafika, mbele ya kanisa lililochanga fedha zake ili liwasikie, na sauti ya kwanza inakatika, ya tatu inakwaruza, mwalimu wa kwaya anashusha wimbo hadi sauti ya nne haisikiki tena. Tunasema shetani ameingilia huduma. Ndugu zangu, tusimsingizie shetani kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu.

Sikilizeni jinsi inavyokuwa. Huko ndege inakopita, kilomita 10 hivi kutoka chini, hewa ina baridi ya nyuzijoto 50 chini ya sifuri, na hewa yenye baridi kiasi hicho haibebi mvuke wowote wa maana. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoshindiliwa, ikapata joto, ikaingizwa mnamoketi. Ndiyo maana katika safari ndefu unyevu wa hewa ndani ya ndege hushuka hadi asilimia 20, na mara nyingi chini ya hapo, ilhali mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea asilimia 70 na zaidi. Mgandamizo wa hewa nao huwekwa kama wa mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Umetolewa pwani ukapandishwa Nairobi, pengine hadi Addis Ababa, ukiwa umekaa kitini. Na kila pumzi unayoitoa inaondoka na maji yako.

Ndani ya zoloto, pale shingoni panapopanda mtu akimeza mate, kuna nyuzi mbili za sauti zilizofunikwa kwa ute mwembamba. Mwanamke akizungumza tu, nyuzi hizo hukutana mara 200 hivi kwa sekunde. Akiimba sauti ya kwanza huko juu, hukutana mara 800 na kupita. Ute ndio unaoziwezesha kugusana bila kuchubuana. Hewa kavu inaunyonya ute huo kama jua la saa saba linavyonyonya kanga iliyoanikwa. Ukishakuwa mzito, nyuzi hazitikisiki kwa pumzi ya kawaida, mwimbaji anaanza kusukuma, na anaposukuma zinavimba. Hapo hata maombi ya mkesha mwingine hayatazituliza, bali yatazimaliza.

Wengi wanadhani maji wanayokunywa hupita juu ya nyuzi na kuzilainisha. Yangepita huko mngepaliwa. Maji huenda tumboni, yakaingia kwenye damu, na damu ndiyo huyafikisha kwenye ute, kazi ya saa kadhaa. Chupa unayoimaliza wakati ndege inashuka imechelewa. Anza kunywa siku moja kabla ya safari, kidogo kidogo, uendelee vivyo hivyo angani. Viwanja vingi havikuruhusu kupita ukaguzi na kimiminika kinachozidi mililita 100, basi beba chupa tupu uijaze ukishavuka. Wako dada zetu wanaojinyima maji safari nzima kwa kuona haya kumwamsha jirani ili waende msalani. Dada, omba kiti cha kando ya njia. Ukikikosa, mwamshe.

Lakini maji peke yake hayatoshi, na hapa ndipo nawasihi kwa moyo wangu wote: nyamazeni! Ndani ya ndege kelele za injini na upepo hufika desibeli 80 hadi 85. Tangu mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alikwisha kuonyesha kwamba mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua. Wewe unajisikia unazungumza taratibu na mwenzako, kumbe kwa saa nane unapiga kelele, tena kwa nyuzi zilizokauka. Hiyo ndiyo inayoua sauti za kwaya zetu kuliko baridi ya Ulaya tunayoilaumu kila mwaka.

Mwalimu wa kwaya, simama kabla ya kupanda ndege, utangaze ukimya kama unavyotangaza saumu. Anayehitaji jambo aliandike kwenye karatasi au kwenye simu. Wala msikimbilie kunong'ona, kwa maana kunong'ona kwa nguvu hukaza koo, na wengi huchoka kwa huko kuliko kwa kusema. Msijikohoze ili kusafisha koo. Kila mkikohoa nyuzi zinapigana makofi. Mezeni mate, au pigeni funda la maji. Kuhani Zakaria alifungwa kinywa Hekaluni asiseme hadi Yohana alipopewa jina, na kilipofunguliwa neno lake la kwanza lilikuwa kumsifu Mungu. Ninyi mnaombwa usiku mmoja!

Vaeni barakoa, au jifungeni kitambaa chepesi puani, ili mvuke wa pumzi yenu uwarudie. Vuteni hewa kwa pua, maana pua huipa unyevu kabla haijafika kooni. Pombe iacheni kabisa. Kahawa kikombe kimoja si dhambi. Chakula kizito cha saa sita usiku, kisha kulala umeegemea, hupandisha tindikali ya tumbo hadi kwenye nyuzi, kwa hiyo kuleni kidogo.

Kuhusu dawa sitazunguka. Pipi kali za menthol hupoza koo ukadhani umepona, ukaimba juu ya kidonda. Vidonge vingi vya mafua hukausha ute ule ule tunaohangaika kuulinda. Aspirini huongeza uwezekano wa damu kuvuja, na kamshipa ka uzi wa sauti kakipasuka mwimbaji hupoteza sauti papo hapo. Anayeitumia kwa agizo la daktari asiiache bila kumwuliza. Mwaka 2011 mwimbaji Adele wa Uingereza alivuja damu kwenye uzi wa sauti, akafuta maonyesho yake, akafanyiwa upasuaji Boston, kisha akakaa wiki kadhaa bila kusema neno. Yeye alikuwa na madaktari bingwa na kampuni nzima nyuma yake. Mwimbaji wetu wa Kahama au Bukavu ana nani? Asali na tangawizi hutuliza koo, namshukuru Mungu kwa hivyo viwili, ila havifiki kwenye nyuzi. Kinachofika ni mvuke. Ukifika ulipofikia, jifukize kwa maji matupu ya moto, bila majani makali, dakika kumi hivi. Na sauti ikikwaruza kupita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usingoje kuombewa kwanza; omba ukiwa njiani.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi santuri, walisafiri kwa meli. Bahari iliwapa siku za kupumzika na hewa yenye unyevu hadi bandarini. Mwimbaji wa leo anaondoka jioni, kesho yake yuko jukwaani katika bara jingine, na sisi tunaita hiyo baraka ya maendeleo. Kwaya ya Iringa inayokwenda Minnesota kwa ndugu zao wa Bega kwa Bega, Walutheri wa Saint Paul, inakuta tofauti ya saa 8 au 9. Mwili huirekebisha tofauti hiyo kwa kiasi cha saa moja hivi kwa siku. Ibada ya saa 1 jioni huko, kwa mwili wa mwimbaji ni saa 9 au 10 za usiku, saa ambayo nyumbani yuko usingizini. Majira ya baridi, vipasha joto vya majumbani humo navyo hukausha hewa, hivyo ukame wa ndegeni unamfuata hadi kitandani.

Basi nawageukia ninyi wazee wa kanisa, wenyeviti wa kwaya, na ninyi wenyeji mnaoalika. Mwimbaji hana uwezo wa kukataa ratiba mliyoipanga. Akikataa ataitwa mwenye kiburi, kwa hiyo ataimba, na atakayerudi bila sauti ni yeye. Mkesha wa kuaga uwe usiku wa pili kabla ya safari, usiwe wa kuamkia. Uwanjani wapokeeni kwa kuwaimbia, na muwaambie wazi kwamba hawatakiwi kuitikia. Jioni ile wapeni uji, maji ya moto na vitanda. Huduma ianze siku inayofuata, na wakivuka bahari kwenda Marekani, ianze ya tatu. Gharama yake ni malazi ya usiku mmoja au miwili. Mnaopanga safari za Pasaka ijayo, andikeni malazi hayo kwenye bajeti kabla hamjanunua tiketi.