Penseli ya Mzee

Kuna jambo tulilolifanya mwaka 2011 ambalo kwa muda mrefu tulilisimulia kwa majivuno, mezani, mbele ya wageni. Siku hizi tukilisimulia sauti inashuka.

Mzee wetu, Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa akafundisha shule za Tanga tangu enzi za Mwingereza mpaka alipostaafu. Alipofariki aliacha nyumba ya kupanga, cherehani ya marehemu mama, na makasha mawili ya vitabu vya Kiswahili, vingi vikiwa vya miaka ya 1930 hadi 1950. Sisi ndugu watatu tulikuwa tumetoka ughaibuni kuja matangani, likizo fupi, tiketi za kurudi mfukoni. Mwenye nyumba alitaka vyumba vyake. Basi huyu anayeandika, kwa kuwa ni mhandisi na mhandisi hashindwi, akatoa shauri: tuvipitishe vyote kwenye skana. Tukakesha siku sita. Maneno yote ya makasha mawili yakaingia katika kifaa kisichozidi kidole gumba. Vitabu vyenyewe tukampa muuza karanga wa mtaani afungie biashara yake.

Kesho yake alirudi kulalamika. "Shikamooni wazee. Karatasi zenu hazikunjiki, zinakatika." Tulicheka sana.

Miaka ikapita. Tulipokaribia umri wa kuhesabu pensheni tukajiandikisha, hapa London, katika darasa la historia ya kitabu cha chapa. Si kwa kupenda vitabu, tulifuata mitambo. Elimu ya namna hii ina shule yake mashuhuri kule Marekani, Rare Book School, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1983 na kuhamia Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1992, na kanuni yake ni kwamba historia ya kitabu hufundishwa kwa kukishika kitabu. Darasa letu lilikuwa dogo zaidi, lakini kanuni ilikuwa ile ile. Amri ya kwanza ya mwalimu ilitushangaza: msisome.

Badala ya kusoma tulipapasa. Ukigeuza ukurasa uliopigwa chapa kwa herufi za risasi na kupitisha kidole upande wa nyuma, mara nyingi utahisi vijinundu, maana herufi iliikandamiza karatasi. Ukurasa wa ofseti ni laini kama kioo. Tulitazama picha kwa kioo cha kukuzia mpaka zikageuka vitone. Tulitafuta zile herufi ndogo za chini ya ukurasa ambazo zilimwambia mfunga vitabu mpangilio wa mikunjo. Tulifundishwa kwamba mpaka miaka ya 1820 kitabu cha Kiingereza mara nyingi kilitoka kwa mchapaji kikiwa na vazi la muda tu, na mnunuzi ndiye aliyekwenda kukifungia jalada. Jalada la kitambaa linalofanana kwa nakala zote ni jambo la baadaye. Na mitambo, naam, ilikuwapo. Matbaa ya mkono ilitoa karibu karatasi 250 kwa saa, upande mmoja. Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times lilichapwa kwa mtambo wa mvuke wa Mjerumani Friedrich Koenig, karatasi 1,100 kwa saa. Tungeweza kuandika makala nzima juu ya mtambo ule, lakini si ndio uliotukosesha usingizi.

Siku ya tatu kila mwanafunzi alipewa sanduku la herufi apange mstari wa lugha yake. Tukatunga sentensi ya kipuuzi: "Kaka yake amekataa kukaa kwake." Maneno matano tu, lakini hesabuni wenyewe: yanataka a 10 na k 8. Sanduku lile limepimwa kwa Kiingereza. Kijumba cha e ni kikubwa kupita vyote. Cha k ni kidogo kama cha kuwekea sindano. Mstari wa tatu k zikatuishia. Mwalimu akaja akauliza ni lugha gani hii inayokula k namna hii, na darasa zima likacheka, nasi pia.

Lakini usiku ule tulifikiria waliotutangulia. Askofu Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na katika matbaa ya misheni yake waliofundishwa kupanga herufi ni vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Ni vidole vya vijana wale vilivyopanga baadhi ya kurasa za mwanzo za Kiswahili cha chapa, na majina yao si yale yaliyo juu ya majalada. Kufikia miaka ya 1930 vitabu vyetu vingi vya shule vilichapwa Uingereza, na huko herufi zilisubiwa kwa mashine papo hapo, kwa hiyo k hazikuisha. Ila mtu aliyekaa kwenye vibonyezo aliunakili mswada herufi kwa herufi bila kujua kama anaandika sala au hadithi ya sungura. Mikono yote hiyo ilikuwa imeacha alama katika makasha mawili ya Tanga. Nasi tulikuwa tumeyaona kwa macho mawili, usiku sita mfululizo, tukaona maneno tu.

Siku ya karatasi ndiyo iliyotumaliza. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda viliacha matambara na kutumia miti, na ili wino usisambae vikachanganya shabu na ulimbo wa msonobari. Shabu ile huzaa tindikali, na tindikali hukata nyuzi za karatasi pole pole kwa miaka. Mwalimu akachukua ukurasa mmoja wa gazeti kuukuu, akakunja kona mara mbili, ikadondoka mezani. Hapo tukamsikia yule kijana wa karanga: hazikunjiki, zinakatika. Alikuwa ametupa somo zima la kemia bure.

Sasa tuseme kama wahandisi. Bomba la mvuke likipasuka kiwandani, amri ya kwanza ni kwamba asiguse mtu. Kipande kilichovunjika hakioshwi wala hakisuguliwi, kwa sababu uso wa mpasuko ndio utakaosema kama kosa lilikuwa la chuma, la fundi au la mwendeshaji. Mchoro wa bomba tunao ofisini, kamili, kila kipimo. Lakini mchoro hausemi lililotokea. Mwanagenzi aliyekiosha kipande kama hicho tulimfokea mbele ya wenzake. Kosa lake na letu ni moja, tena yeye alikuwa na miaka 20.

Maana hatujasema jambo lenyewe. Ili faili ziwe ndogo, tuliiweka skana kwenye nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu, na tukawasha kile kipengele cha kusafisha madoa. Kilisafisha barabara. Mzee alikuwa na mazoea ya kuandika kwa penseli pembeni mwa kurasa. Mtakumbuka kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya shule vikafuata. Mzee, mwana wa Mombasa, alifundisha "njia" na "macho" maisha yake yote, lakini nyumbani alisema "ndia" na "mato". Aliandika nini pale pembeni? Alikuwa akisahihisha, akinung'unika, au akijiwekea tu kumbukumbu ya lugha ya mama yake? Tumefungua faili zile ukurasa baada ya ukurasa. Kando ya neno "njia" katika kitabu kimoja kuna vitone vitatu vyeusi, mabaki ya kitu kilichosafishwa. Basi.

Tulipomweleza rafiki yetu mmoja, Mlamu, alitujibu kwa ukali: mnaabudu karatasi. Akatukumbusha kwamba pwani yetu haikuwahi kufunga maneno ndani ya karatasi. Qurani imo vifuani mwa mahafidh. Tenzi zilihifadhiwa vichwani na kunakiliwa kwa mkono, mswada ukiliwa na mchwa unaandikwa mwingine. Na kweli, watoto wa binamu zetu Tanga wanazisoma hadithi zile kwenye simu zao sasa hivi, jambo ambalo makasha mawili yasingeliwapa. Pia ni haki kusema kuwa kuhifadhi kunataka paa lisilovuja, na si kila mtu analo.

Hoja hizi tunazikubali zote, na bado hazitupi usingizi. Mchwa akila kitabu, huo ni msiba. Sisi tulikaa kitako tukatoa hukumu: hiki ni neno, tukiweke, hiki ni taka, kitupwe. Nani alitupa mamlaka hayo? Vitu vile havikuwa vyetu hasa. Vilikuwa amana, na mwenye amana hatakiwi kuamua ni sehemu gani ya amana yenye thamani, maana hajui mwenyewe atakuja kuuliza nini. Sisi leo ndio tunaouliza, na tuliyemnyima jibu ni sisi wenyewe. Kama tungepiga rangi kamili, faili zikawa kubwa mara kumi, dhambi ingepungua, hilo twalijua. Isingeisha, kwa sababu hakuna skana itakayokupa harufu, uzito wala yale makunyanzi ya nyuma ya ukurasa, na vilevile hatujui ni kipi kingine tusichokijua kukitafuta.

Hatuwaambii mjaze vyumba vyenu vya Leicester na Muscat makasha ya vumbi. Sisi wenyewe tunaishi ghorofani, vyumba viwili. Lakini wengi wenu mna zamu hii mbele yenu, ya kufungua kabati la mzazi kwa haraka huku ndege inasubiri, na hapo mtu huamua mengi akiwa hajalala.

Kitabu kimoja kilinusurika. Dada yetu alikichukua usiku wa tatu bila kutuambia, kwa sababu ndani yake palikuwa na picha ya mama, na hakutaka ipite mikononi mwetu. Mwezi uliopita tulimpigia simu tukamwomba akifungue atuambie kama pembeni pana maandishi ya penseli. Akakaa kimya kidogo, tukasikia kurasa. Akasema yapo, tena mengi. Tukamwambia asijisumbue, tutakuja na kamera nzuri tuvipige picha vyote kwa siku moja.

"Kamera acheni," akasema. "Njooni mkisome hapa hapa."